Ioni za Jumanne

Kwa miaka saba ukoo wa mumewe ulimwita Dokta Bado, na mwishowe akaacha kukasirika. Jina lilianza kama utani wa wifi yake, likapita mezani, likapita kwa majirani, likafika hadi kwa muuza duka wa mtaa, ambaye aliamini kwa moyo safi kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. "Dokta Bado, ile sabuni yako imekuja," alikuwa akimwambia, bila ubaya wowote.

Safari hii mambo yalikuwa na tarehe. Ijumaa, saa tatu asubuhi, katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu, angesimama mbele ya jopo kuitetea tasnifu yake. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara tatu, na barua ya mara ya tatu ilikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari: hakutakuwa na nyongeza ya nne. Akipita, ni daktari wa falsafa. Asipopita, ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anayejua mambo mengi kuhusu hewa iliyo kilomita mia tano kutoka ardhini, mahali ambapo hana ndugu wala jamaa.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ila wenye kazi hupenda ionekane ngumu. Huko juu hewa ni haba, na jua huzipiga chembe zake mpaka zinapoteza elektroni na kubaki na chaji. Hizo ndizo ioni. Haziendi ovyo. Mchana huelekea magharibi, jioni hugeuka kuelekea mashariki, na mwendo wao ukivurugika, redio za huku chini nazo huvurugika. Setilaiti moja, kubwa kiasi cha jokofu, ilikuwa ikikatiza katikati yao ikiwa na bamba dogo usoni, limegawanywa robo nne, kulia na kushoto, juu na chini. Kwa kulinganisha ioni zinazogonga sehemu hizo, mtu anajua zinatokea upande gani na kwa kasi gani. Hayo ndiyo yote. Mengine ni hesabu.

Ndani ya hesabu hizo Dokta Bado alikuwa amegundua kitu. Kila baada ya siku hamsini na sita, au sitini na tatu, ioni zote ziligeuka kwa pamoja. Za jioni, zilizozoea kwenda mashariki, zilikwenda magharibi. Zilizokuwa zikipanda zilishuka. Zilikaa hivyo wiki nane au tisa, kisha zikarudi zilivyokuwa. Alihesabu migeuko thelathini na mmoja katika miaka mitano. Profesa, msimamizi wake, aliupa ugunduzi huo jina la Mgeuko, kwa herufi kubwa, akauhubiri kwenye mikutano ya nchi tatu, na watu wakapiga makofi.

Sura ya Nne ya tasnifu, kurasa sitini na nane, ilieleza kwa nini ni hamsini na sita na sitini na tatu. Ilitumia mzunguko wa jua, ikatumia mwezi, na palipobaki pengo ikatumia mawimbi ya hewa yanayotoka milimani. Mara moja tu Mgeuko ulichelewa siku moja, na kwa hilo Sura ya Nne iliisingizia dhoruba ya jua. Karibu kila kitu huko juu husingiziwa dhoruba ya jua, kwa kuwa haijawahi kuja kujitetea.

Jumapili alasiri wifi yake alikuja kumsikiliza akifanya mazoezi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji, mwanamke aliyepanga zamu za wauguzi ishirini na wawili na kuwajua wote kwa visingizio vyao. Alikaa kwenye kochi, akavua viatu, akapandisha miguu juu ya kigoda.

"Haya, Dokta Bado. Mimi ndiye jopo. Jitetee."

Dokta Bado akajitetea dakika thelathini na tano. Wifi alisikiliza bila kusinzia, jambo ambalo jopo la kweli haliwezi kuahidi. Alipomaliza, wifi alikuna kisigino.

"Sawa. Zinageuka, nimeelewa. Zinageuka lini?"

"Siku ya 412. Siku ya 468. Siku ya 531. Siku ya 587..."

"Siku ya 412 ndiyo lini kwa binadamu?"

"Tunahesabu tangu setilaiti iliporushwa."

"Mimi sijarushwa. Nipe tarehe."

Dokta Bado akafungua kompyuta na kuzigeuza siku kuwa tarehe, kwa upole wa mtu anayemsaidia asiyejua. Wifi akatoa simu, akafungua kalenda, akaanza kurudi nyuma mwaka mmoja baada ya mwingine. Hakuna mtu anayeisoma kalenda kama mpanga zamu.

"Jumanne," akasema. "Nyingine?"

Dokta Bado akataja.

"Jumanne. Nyingine?"

Akataja.

"Jumanne."

Ya tano walicheka. Ya tisa ni wifi tu aliyecheka. Walipofika ya thelathini na moja hakuna aliyekuwa akicheka, na chai ilikuwa imepoa. Jumanne zilikuwa thelathini. Iliyobaki, ile ya dhoruba ya jua, ilikuwa Jumatano.

"Hii Jumatano," wifi akasema, akiisogeza simu karibu na macho, "Jumanne yake ilikuwa sikukuu ya taifa. Naikumbuka kwa sababu kila niliyempigia simu alikuwa na mgonjwa nyumbani."

"Inaweza kuwa sadfa."

"Wifi yangu," akasema, kwa ile sauti aliyoitumia kwa ndugu wa wagonjwa, "vitu vyako hivi vina mkataba wa ajira. Jua halijui Jumanne. Mwezi haujui Jumanne. Anayejua Jumanne, tena akapumzika sikukuu, ni mtu mwenye ratiba ukutani."

Dokta Bado aliitazama karatasi yake. Hamsini na sita ni saba mara nane. Sitini na tatu ni saba mara tisa. Hilo alilijua tangu darasa la tatu, alipokuwa akichapwa kwa jedwali la saba, na bado alikuwa ameandika kurasa sitini na nane bila kulikumbuka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

*

Jengo walilofanyia kazi lilikuwa na desturi yake. Ghorofa ya tatu walikaa wachambuzi, watu wa nadharia na grafu. Ghorofa ya chini walikaa wale waliozungumza na setilaiti yenyewe, wakiitumia amri inapopita juu ya kituo na kupokea data inazozirusha. Data zilipanda juu kwa waya. Watu hawakupanda wala hawakushuka. Wa juu waliwaita wa chini "madereva", na wa chini waliwaita wa juu jina ambalo wa juu hawakupata kulisikia. Walitumia milango tofauti ya kuingilia, na walisalimiana siku lifti ilipoharibika tu, pale ngazi zinapoanzia, wa juu wakihema.

Jumatatu asubuhi Dokta Bado alishuka. Chumba cha chini kilikuwa na baridi kwa ajili ya mitambo, na ndani yake alikaa mzee aliyevaa koti la sufu mwaka mzima. Juu walimwita Mzee Usukani. Mbele yake kulikuwa na skrini tatu, birika la umeme, na daftari gumu lenye mgongo uliobandikwa gundi mara nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea? Choo cha wageni ni mlango wa pili."

"Sijapotea. Nimekuja kuuliza. Hii setilaiti, siku za Jumanne huwa mnaifanya nini?"

"Jumanne nyingine hatuifanyi kitu. Jumanne nyingine tunaigeuza."

"Mnaigeuzaje?"

"Kichwa chini, miguu juu." Alipindua kiganja chake hewani. "Uso unabaki mbele vilevile, ila tumbo linatazama juu. Tangu mwaka wa pili betri imechoka, na upande mmoja ukipigwa na jua miezi mitatu mfululizo, inachemka. Basi tunaigeuza, kama unavyogeuza nguo kwenye kamba. Ina antena huku na huku, kwake yote sawa."

Kwake yote sawa, lakini si kwa bamba lililo usoni pake. Chombo kikipinduliwa, kulia kwake kunakuwa kushoto. Ioni inayotoka magharibi inaandikwa kuwa imetoka mashariki, na inayopanda inaandikwa kuwa inashuka. Ioni haijafanya lolote. Dokta Bado alitafuta kiti bila kukitazama, akakikosa kidogo, akakipata.

"Kwa nini Jumanne?"

"Sasa ungetaka lini?" Mzee alishangaa kidogo. "Jumatatu tuna kikao. Jumatano tunabadilishana zamu. Alhamisi tunahifadhi kumbukumbu. Na Ijumaa hakuna mwenye akili anayeanza kitu."

"Na mnaandika mahali mnapoigeuza?"

Mzee akalisogeza daftari mbele yake. Zilikuwamo zote, kwa mwandiko ulionyooka, tarehe, saa, na sahihi ya aliyegeuza. Kwenye ile Jumatano kulikuwa na maelezo: "Jana ilikuwa sikukuu."

"Na kwenye data pia tunaandika," akasema. "Safu ya kumi na nne. Sifuri imesimama, moja imepinduka. Huko juu hamuioni?"

Huko juu hawakuiona. Programu ya kusafisha data iliandikwa na Profesa katika mwaka wa kwanza wa setilaiti, na ndani yake kulikuwa na mstari unaoifuta safu ya kumi na nne kabla mtu hajaiona, pamoja na maneno haya: "Safu isiyo na maelezo. Ondoa." Dokta Bado alikuwa ameusoma mstari huo mara nyingi. Lakini programu ya mkubwa ni kama sahani ya mkubwa, unaipokea kwa mikono miwili na huchungulii chini yake.

"Mtaigeuza lini tena, mzee?"

"Kesho."

Sura ya Tano ya tasnifu ilikuwa imetabiri Mgeuko ujao, na ilikuwa imetabiri kesho. Nadharia yake ilifanya kazi kikamilifu. Ubaya wake ni kwamba ilimtabiri Mzee Usukani.

Kesho yake alikuja kushuhudia. Setilaiti ilipopanda upeo wa macho, Mzee alisoma amri kwa sauti, mwenzake akaihakiki, naye akabonyeza mara moja kwa kidole cha shahada. Kisha akajimiminia chai. Baada ya dakika kumi na moja ile namba ya safu ya kumi na nne ilitoka kwenye moja ikawa sifuri, na Mzee akaandika daftarini. Dokta Bado alikuwa ametumia miaka saba kutafuta ni nguvu gani ya ulimwengu inayoweza kuzigeuza ioni zote kwa mara moja, na sasa alikuwa ameketi kando yake, nayo ilikuwa ikipuliza chai.

"Aliye juu mngoje chini," Mzee akasema, bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Tulijua ipo siku mtashuka. Hatukujua ni mwaka gani."

*

Mchana huohuo alimpelekea Profesa nakala za kurasa za daftari. Profesa alikuwa na mwezi mmoja na nusu kabla ya kustaafu, na vitabu vyake vilikuwa vimeshaingia kwenye makasha. Alizisoma kurasa zote, moja moja, akavua miwani, akaivaa, akazisoma tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Wifi yangu."

"Wa fani gani?"

"Muuguzi."

"Basi hajui mtu." Akaziweka kurasa sawa na kuzibana kwa klipu. Alipozungumza tena, alizungumza kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa mgumu. "Sikiliza, binti yangu. Ijumaa tetea ilivyo. Jopo lina watu wanne, na hakuna hata mmoja atakayeuliza siku za wiki. Ukishapata shahada yako tutaandika makala ya masahihisho, mimi na wewe, taratibu, kwa heshima. Ukweli haukimbii. Muda wako ndio unaokimbia."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemwandikia barua za kumwombea nyongeza zote tatu, na ya tatu aliipeleka mwenyewe kwa miguu, kwenye mvua. Dokta Bado naye si malaika. Shauri lile alilibeba siku mbili nzima, na kila alipoligeuza lilikuwa na akili. Angepata cheti Ijumaa na kusema kweli baadaye. Tatizo lilikuwa hilo neno "baadaye", ambalo alikuwa ameishi nalo miaka saba na kulijua tabia.

Alhamisi asubuhi aliufuta ule mstari wa Profesa, akairudisha safu ya kumi na nne, akaongeza mistari minne: palipo na moja, kulia kuwe kushoto na juu kuwe chini. Programu ilikimbia saa mbili na robo. Ilipomaliza, hakukuwa na Mgeuko hata mmoja. Ioni zilikwenda magharibi mchana na mashariki jioni, miaka mitano mfululizo, kama vitabu vilivyosema kabla yeye hajazaliwa. Grafu ilikuwa safi sana. Aliitazama, akalia, si kwa kelele, akitumia karatasi za mashine ya kuchapia kwa sababu leso hakuwa nayo.

Jioni wifi alimkuta amekaa jikoni na mawasilisho mawili kwenye kompyuta, la zamani lenye slaidi hamsini na jipya lenye slaidi sita. Alimweleza maneno ya Profesa.

"Si mjinga huyo mzee," wifi akasema. "Na anakupenda."

"Najua. Ungekuwa wewe?"

Wifi alikaa. "Mwaka juzi nilimpa mgonjwa wa kitanda cha sita dawa ya kitanda cha saba. Hakuna aliyeniona. Nikaandika mwenyewe, saa ileile, kwa jina langu. Niliitwa, nikasemwa mbele ya watoto niliowafundisha kazi, nikapewa barua. Wa kitanda cha sita alipona kwa sababu daktari alisoma nilichoandika." Akanyoosha mkono akachukua kipande cha mkate. "Mficha uchi hazai, wifi yangu. Lakini sitakudanganya. Ile barua ilinikosesha usingizi mwaka mzima."

*

Ijumaa jopo liliingia saa tatu na dakika saba. Kulikuwa na mwenyekiti, watahini wawili wa ndani, na mtahini wa nje, profesa mwanamke mwenye mvi aliyesafiri kwa ndege kuja na ambaye ripoti yake ya maandishi ilikuwa imeuita Mgeuko "ugunduzi wa muongo". Profesa wao alikaa ukutani, kwenye kiti cha wasimamizi, mikono juu ya magoti. Tangu Jumanne hakuwa amezungumza na Dokta Bado.

Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la Mzee Usukani.

"Waheshimiwa," Dokta Bado akasema, "tasnifu mliyoisoma ina kosa. Mgeuko haupo. Kinachogeuka ni setilaiti. Inapinduliwa Jumanne, na wenzetu wa ghorofa ya chini, ili betri isichemke. Nimekuwa nikisoma data za chombo kilicholala chali kana kwamba kimesimama."

Mwenyekiti alitazama saa, pengine kwa matumaini kwamba muda umekwisha. Zilikuwa zimepita dakika mbili. Dokta Bado akaendelea mpaka slaidi ya sita, kisha akasimama kungoja.

"Ukiutoa Mgeuko," mwenyekiti akauliza, "kunabaki nini?"

"Kurasa arobaini na moja. Kumi na tisa kati yake ni marejeo."

"Na zile nyingine zinasema nini?"

"Kwamba ioni zinakwenda kama vitabu vinavyosema."

"Hilo tulikuwa tunalijua."

"Ndiyo, mwenyekiti."

Mtahini mmoja wa ndani akataka kujua ni nani aliyeiondoa safu ya kumi na nne. Dokta Bado alikuwa ameandaa jibu la adabu kwa swali hilo, jibu refu lisilo na mtu ndani yake. Kabla hajalianza, sauti ilitoka ukutani.

"Ni mimi," Profesa akasema. "Haikuwa na maelezo."

"Uliyatafuta wapi?"

"Sikuyatafuta."

Alisema hivyo akitazama magoti yake, na chumba kizima kikatazama meza. Dokta Bado alimpenda wakati ule kuliko miaka yote saba, na hakuwa na namna ya kumwambia.

Mtahini wa nje alikuwa hajauliza kitu. Sasa akaweka kalamu chini.

"Swali langu ni kwako wewe. Wanaoigeuza wako ngazi mbili tatu chini yako. Kwa miaka saba, kwa nini hukushuka kuuliza?"

Alikuwa amejiandaa kwa maswali arobaini, na hilo halikuwamo.

"Niliwadharau," akasema. "Niliona anayeendesha hana cha kumfundisha anayechambua. Yule mzee aliyeandika daftari hili, hata jina lake silijui. Najua lile la utani tulilompa sisi."

Mtahini wa nje akaichukua tena kalamu. "Iligeuzwa mara ya kwanza lini?"

"Siku ya 412."

Mama yule akaiandika namba hiyo pembeni mwa ripoti yake, karibu na maneno "ugunduzi wa muongo", akaipigia mstari. "Nimeandika makala tisa kwa data za setilaiti hii," akasema. "Nilizipata kutoka ghorofa hii, zikiwa zimeshasafishwa. Makala tano kati ya hizo zinategemea kulia na kushoto."

Mwenyekiti, akitafuta mahali pa kushika, akachukua fomu ya matokeo. Ilikuwa na visanduku vitatu: amepita, amefeli, arekebishe. Akasema kwamba kwa maoni yake, mtahiniwa anapoikana tasnifu yake mwenyewe, kanuni haziachi nafasi kubwa, na kwamba chuo kilishasema hakuna nyongeza ya nne.

"Masahihisho si nyongeza," mtahini wa nje akasema. "Arekebishe. Mwaka mmoja."

"Lakini, Profesa, arekebishe nini, ikiwa hakuna—"

"Aandike alivyokosea na alivyojua. Mwenyekiti, nikimfelisha huyu kwa kusema, mimi nitasema lini?"

Akavuta fomu, akatia alama, akatia sahihi, na wengine wakatia baada yake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi ya koridoni na viatu vyake vya wodini, ametoka zamu moja kwa moja. Aliposikia mwaka mmoja, aliuliza kama huko ndiko kufeli. Alipoambiwa siko, alimvuta akamkumbatia kwa nguvu, na Dokta Bado akalia kwa mara ya pili wiki ile, safari hii kwenye sare yenye harufu ya dawa. Mwaka mmoja ni mrefu kwa mtu aliyeshachoka, na alikuwa amechoka sana.

Mlango wa chumba cha mikutano ukafunguka. Mtahini wa nje akatoka na mkoba wake, akauliza ngazi za kwenda chini ni zipi.

Walishuka wote watatu, polepole, kwa sababu mama yule alikuwa na goti bovu na lifti haikuwa ikifanya kazi. Chumbani kwa madereva Mzee Usukani alisimama alipowaona, akafunga vifungo vya koti. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Katika jengo lile habari zilishuka vizuri, ni salamu tu zilizokuwa hazishuki.

"Nasikia tumekuharibia kazi yako," akamwambia Dokta Bado. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Kama tungejua, tungekuwa tunabadilisha siku."

"Hapana, mzee. Nyinyi mliandika. Sisi ndio hatukusoma."

Mzee alilifikiria hilo, akakubali kwa kichwa. Mtahini wa nje alikuwa ameshaketi. Alivuta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, akatoa kwenye mkoba makala yake ya kwanza, akaziweka sambamba.

Dokta Bado naye akafungua daftari lake jipya, alilonunua kwa ajili ya sherehe za Ijumaa na ambalo halikuwa na neno.

"Mzee, naomba jina lako. Lile lenyewe."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kuona kama ni mzaha. Kisha akalitaja, jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Dokta Bado akaliandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya kichwa cha tasnifu, kabla ya jina lake mwenyewe, akamgeuzia alisome. Mzee akalisoma, akasema ndivyo, akaenda chumba cha pili kuongeza kiti.